Namna ya kusoma nadharia za uhusiano wa kimataifa bila kukariri silabusi

Mtihani wa mdomo, mwaka wangu wa pili. Profeseri aliuliza swali moja tu: anarki ni nini? Nikajibu haraka, maana silabusi yote, yaani maandishi ya somo tunayopewa, ilikuwa kichwani: ni fujo, ni nchi isiyotawalika. Akaandika 7 kwa 20 na kumwita aliyenifuata. Nilitoka oditwari, ule ukumbi wa masomo, nikijiona nimeonewa. Ilinichukua likizo nzima kugundua kwamba hata hiyo 7 ilikuwa huruma.

Ninawaandikia wadogo zangu wanaoanza masomo haya Lubumbashi, iwe kule Kasapa, kwenye kampasi ya chuo kikuu, au katika vyuo vingine vya mji. Wengi wanafika na ndoto ya ubalozi, wanakutana na somo la nadharia, ndoto inapoa kabla ya Noeli. Somo lenyewe si gumu hivyo. Linakuwa gumu kwa namna tunavyolisoma: majina thelathini, kila jina na mwaka wake, kila mwaka na mstari wa kumeza. Mimi napendekeza njia nyingine. Chukua kisa kimoja unachokijua nje ndani, kisha upitishe nadharia zote juu yake. Na sisi wa Lubumbashi kisa tunacho nyumbani.

Hatua ya 1: safisha maneno kabla ya kugusa majina

Darasani tunasikia Kifaransa, nyumbani tunafikiri kwa Kiswahili, na njiani kati ya hapo na hapo maana inadondoka. Nunua daftari dogo, andika maneno kama kumi hivi, kila neno na maana yake kwa maneno yako mwenyewe.

Anza na Leta. Huku kwetu Leta ni kila kitu: ni anayetoza kodi, ni askari wa barabarani, ni rais, ni ofisi inayokuambia urudi kesho. Neno limetoka kwa l'État ya Wabelgiji na likabeba yote. Nadharia inakutaka uyatenganishe. Dola ni chombo chenye watu, mipaka, utawala na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Hivyo ndivyo Mkataba wa Montevideo wa 1933 unavyolieleza. Serikali ni walioko kwenye viti leo. Wakitoka, dola linabaki. Taifa ni watu wanaojiona wamoja, nao wanaweza kukosa dola, kama Wakurdi. Ukiyachanganya hayo matatu katika ukurasa wa kwanza, usitegemee msahihishaji atausoma wa pili kwa moyo mweupe.

Halafu anarki, iliyoniangusha. Maana yake katika somo hili ni nyembamba: juu ya madola hakuna mkubwa. Basi. Fikiria lupango, yaani kiwanja chenye nyumba za kupanga, lenye wapangaji sita, mwenyewe amehamia ng'ambo na hapigi hata simu. Siku nyingi watu wanaishi vizuri, wanagawana maji ya bomba, wanafagia kwa zamu. Lakini siku mmoja akifunga bomba kwa kufuli lake, utampeleka kwa nani? Hiyo ndiyo anarki. Lupango linaweza kuwa kimya mwaka mzima na bado likawa la anarki, kwa sababu shida si ugomvi, shida ni kukosa pa kushtaki.

Maneno mengine (nguvu, masilahi, usalama, mfumo, kaida, kutambuliwa) yafanyie vivyo hivyo. Jioni mbili zinatosha.

Hatua ya 2: chagua kisa, ukiandike kwenye ukurasa mmoja

Mimi nilichagua kujitenga kwa Katanga, jimbo letu, kutoka Kongo. Ushauri wangu ni huu: usianze na vita vya leo vya Kivu, mashariki mwa nchi. Si kwamba havifai, la, utafika huko. Lakini unapozungumzia jambo linaloua ndugu zako wiki hii, akili inatafuta wa kulaumu kabla ya kutafuta sababu. Hata Katanga ya 1960 bado ina joto lake. Katika oditwari moja hukaa watoto wa familia zilizoshangilia na za waliokimbia, kwa hiyo weka kando swali la nani alikuwa na haki. Andika tarehe na vitendo tu.

30 Juni 1960, uhuru. Siku chache baadaye askari wa Force publique, jeshi lililoachwa na ukoloni, wanaasi, na jeshi la Ubelgiji linaingia bila ruhusa ya serikali kuu. 11 Julai, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo, anatangaza kwamba Katanga ni dola huru, makao yake Élisabethville, yaani hapa hapa. 14 Julai, Baraza la Usalama linapitisha azimio 143 na askari wa Umoja wa Mataifa wanaanza kufika Kongo. Union Minière, kampuni ya madini iliyoundwa 1906, inalipa kodi zake kwa Tshombe. 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo aliyekuwa ameondolewa madarakani, analetwa hapa kwa ndege na kuuawa usiku huohuo. 21 Februari, azimio 161 linaruhusu kutumia nguvu, kama njia ya mwisho, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Septemba mapigano yanaingia mjini, na usiku wa kuamkia tarehe 18 Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld anakufa ndege yake inapoanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, akienda kuonana na Tshombe. Januari 1963, kujitenga kunakwisha.

Chini ya ukurasa ongeza mistari miwili. Katanga ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, franka yake, stempu zake, na jeshi lenye maofisa Wabelgiji na mamluki. Na hakuna dola hata moja lililoitambua rasmi. Huo mstari wa pili upigie wino mwekundu.

Hatua ya 3: pitisha kila nadharia juu ya ukurasa huo

Hapa ndipo utakaa majuma mengi. Kwa kila nadharia jiulize mambo matatu: inamtazama nani, inadhani anasukumwa na nini, na kwenye kisa chako inakwama wapi. La tatu ndilo linaloleta pointi, na ndilo wanafunzi wanaloliruka.

Uhalisia unauliza nani ana nguvu na anaogopa nini. Usiwaweke Hans Morgenthau wa 1948 na Kenneth Waltz wa 1979 kwenye gunia moja: Morgenthau anaanzia kwenye tabia ya binadamu kupenda kutawala, Waltz anaanzia kwenye muundo, yaani lile lupango lisilo na mwenyewe. Juu ya ukurasa wako uhalisia unaona mengi. Unaona Vita Baridi, unaona hofu ya Washington baada ya Lumumba kuiomba Moscow msaada, unaona shaba, kobalti, na urani ya Shinkolobwe, ambayo ilitoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani. Unaweza hata kueleza kwa nini Marekani mwishowe iliunga mkono kuirudisha Katanga: Kongo iliyovunjika ingewafungulia Wasovieti mlango. Ila ule mstari mwekundu haumezeki vizuri. Kama ni nguvu tu, mbona Katanga yenye mali, silaha na marafiki haikupata hata sahihi moja?

Niseme wazi, sisi Wakongo tunaupenda uhalisia upesi mno. Ukisema darasani kwamba wakubwa wanawala wadogo, chumba kizima kinatikisa kichwa. Kutikisa kichwa si kueleza. Kwa nini walikula mwaka huu na si ule, na kwa nini wadogo wengine hawaliwi?

Ndani ya uhalisia kuna dhana moja ambayo mtu wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, hahitaji kufundishwa: mtanziko wa usalama, jina lililotolewa na John Herz mwaka 1950. Jirani anainua ukuta na kupandika vipande vya chupa juu yake kwa sababu anaogopa wezi. Wewe unajiuliza, huyu ananiogopa mimi? Au wezi sasa watahamia kwangu? Unainua wako. Mwisho wa mwaka mtaa mzima umetumia pesa za ada ya watoto kwa simenti, na hakuna anayelala vizuri kuliko zamani. Wote walitaka usalama tu.

Uliberali, wenye mizizi kwa Kant (1795) na kwa upande wa karibu kwa Keohane na Nye (1977), unauliza kama taasisi, sheria na biashara vinabadilisha chochote. Kwenye kisa chetu una Umoja wa Mataifa wenye askari karibu 20,000 wakati wa kilele, wakitoka Ethiopia, India, Sweden, Ireland na kwingineko. Inakwama pale unapouliza nani alilipa: Wasovieti na Ufaransa walikataa kuchangia gharama za operesheni hiyo, na taasisi ikakaribia kufilisika.

Mfano mwingine wa kuweka akiba ni ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, kwa sababu unagusa lupango letu. Kongo iliishtaki Uganda, ikashinda 2005, na 2022 mahakama ikaamuru Uganda ilipe dola za Marekani milioni 325. Kumbe pa kushtaki papo! Lakini kesi dhidi ya Rwanda ilikataliwa 2006 bila hata kuingia kwenye kiini chake, kwa sababu Rwanda haikuwa imekubali mamlaka ya mahakama hiyo. Hakimu yupo, mradi mshtakiwa akubali kuja. Mwenye uhalisia na mwenye uliberali wanaweza kuugombea mfano huo mpaka umeme urudi.

Nadharia ya utegemezi na umaksi kwa jumla: Prebisch, Wallerstein, Samir Amin, na Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam. Swali lao ni mali inaelekea wapi na nani anabaki na mashimo. Huhitaji kitabu kuanza, simama popote mjini ulitazame lile bomba la moshi la kiwanda cha shaba na kilima cheusi cha takataka za shaba pembeni yake. Union Minière ilitaifishwa 1967 ikazaa Gécamines, kampuni ya madini ya Leta, na bado leo malori ya shaba na kobalti yanapanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenda kusafishwa au kuuzwa mbali. Nadharia hii inaona kitu ambacho zile mbili zinakipita: kwamba kampuni iliweza kuwa na uzito kuliko wizara. Hatari yake ni kuwafanya watu wa hapa vikaragosi. Tshombe na chama chake cha CONAKAT walikuwa na hofu zao, hesabu zao na wafuasi wao. Ukiandika kwamba Brussels ilifanya yote, umewapokonya hata dhambi zao.

Sasa konstruktivisti, wanaosema kwamba mawazo na kutambuana ndivyo vinavyojenga uhusiano wa madola, ambao nilidhani wanacheza na maneno. Alexander Wendt aliandika 1992 kwamba anarki ni kile ambacho madola yanaifanya iwe. Mfano wake mwingine maarufu ni rahisi: mabomu 500 ya nyuklia ya Uingereza hayaitishi Marekani kama mabomu 5 ya Korea Kaskazini. Chuma ni kilekile, tofauti ni nani unayemwona rafiki. Rudi kwenye mstari mwekundu. Katanga ilikuwa na ardhi, watu, utawala, fedha na jeshi, na haikuwa dola. Kongo ya wakati huohuo ilikuwa na jeshi lililoasi na, mwanzoni mwa 1961, tawala nne zinazovutana, na bado lilikuwa dola lenye kiti New York. Kwa nini? Kwa sababu wengine walisema ndiyo kwa moja na hapana kwa nyingine. Nchi za Afrika zilizokuwa zinapata uhuru zilijua kwamba Katanga ikipita, kila mpaka barani utaanza kutikisika. Robert Jackson na Carl Rosberg walilieleza jambo hili 1982 waliposema kwamba madola mengi ya Afrika yanasimama kwa kutambuliwa na wengine zaidi ya kwa uwezo wao ndani. Ukitaka kumfanya profeseri ainue macho, ongeza kwamba kifungu cha 3 cha Montevideo kinasema kinyume: dola lipo hata lisipotambuliwa. Kisha mweleze kwamba Katanga ni ushahidi wa jinsi kifungu hicho kinavyokosa meno.

Mwisho, ufeministi. Cynthia Enloe aliuliza 1989 swali lililoonekana la kitoto: wanawake wako wapi? Ukurasa wako wa tarehe hauna mwanamke hata mmoja. Nenda Kasumbalesa uwaone wanaovusha unga kutoka Zambia. Lusaka ikifunga mpaka kwa mahindi, bukari, yaani ugali, inapanda bei Lubumbashi, na wao ndio wa kwanza kujua. Hao ni uhusiano wa kimataifa, ingawa hakuna silabusi iliyowaandika.

Hatua ya 4: soma wenyewe, kurasa chache

Silabusi ni supu iliyochemshwa mara tatu. Kwa kila nadharia tafuta makala au sura moja ya mwandishi mwenyewe, kurasa kumi na tano tu, uzisome mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili pigia mstari sentensi moja ambayo ikiondolewa makala yote inaanguka. Usipige mstari kila mahali. Kitabu chenye rangi ukurasa mzima ni kitabu kisichosomwa.

Kifaransa kina hazina yake. Raymond Aron (1962) na Bertrand Badie wanapatikana maktabani, na jarida la Études internationales la Québec lina matoleo ya zamani ya bure kwenye tovuti ya Érudit. Kiingereza huwezi kukikwepa, maana mabishano mengi ya somo hili yamefanyika humo. E-International Relations wanatoa kitabu cha utangulizi cha nadharia cha kupakua bure. Pakua siku yenye bando, soma siku isiyo na umeme. Maazimio ya Baraza la Usalama yako mtandaoni kwa Kifaransa, nayo ni mafupi. Azimio 161 ukilisoma mwenyewe utakuwa umewapita wengi wanaolitaja.

Hatua ya 5: mweleze mtu asiye na silabusi

Hii nisingeibadilisha na maktaba yoyote. Mama yangu anauza unga soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi. Jumamosi moja, yaani siku ya posho, nilikaa nyuma ya meza yake nikamweleza konstruktivisti kwa Kiswahili, bila neno la Kifaransa: kwamba dola ni dola kwa sababu wenzake wamekubali kuliita hivyo. Alikuwa anapima kopo, akalisawazisha juu kwa kiganja, akamkabidhi mteja, akanigeukia.

"Eh papa, na nani alisema kwanza?"

"Kusema nini, mama?"

"Kwamba huyu ni dola, yule si dola. Mtu wa kwanza kusema, wengine wakafuata. Si huyo ndiye mwenye nguvu?"

Sikuwa na jibu. Miezi baadaye nilikuta kwamba hilo ni mojawapo ya mashtaka makubwa dhidi ya Wendt: anaeleza jinsi mawazo yanavyoshika, hasemi vya kutosha nani ana uwezo wa kuyapandikiza. Ukishindwa kueleza nadharia kwa lugha ya sokoni, usiilaumu lugha. Ni wewe hujaielewa bado.

Hatua ya 6: andika jibu lenye kona

Jibu dhaifu linasema: "Kwa mujibu wa uhalisia, madola yanatafuta nguvu, na Katanga ilikuwa na madini." Hapo hakuna kosa, wala hakuna kitu. Jibu zuri linafunga sababu na tokeo: "Uhalisia unaeleza kwa nini Marekani iliunga mkono kumaliza kujitenga, kwani iliogopa Kongo iliyogawanyika iangukie kwa Moscow, hauelezi kwa nini hata Ubelgiji, yenye wanajeshi na kampuni huko, haikuthubutu kuitambua Katanga." Dai, sababu, tarehe au kitendo, kisha mahali linapokwama. Mistari minne. Zoea kuiandika kwa Kiswahili kwanza, uigeuze Kifaransa baadaye. Na ukiulizwa nadharia ipi ni ya kweli, usichague timu kama uko uwanjani. Sema ipi inaeleza nini kwenye kisa hiki.

Hatua ya 7: mada ya kazi ya mwisho

Anza kuitafuta mapema, na iwe ndogo. "Nafasi ya Umoja wa Mataifa katika amani ya Afrika" si mada, ni maisha ya watu wawili. Punguza mahali, punguza miaka, chagua nadharia moja na mpinzani wake mmoja. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki 11 Julai 2022 (tarehe ileile ya Tshombe, ingawa sidhani kuna aliyeangalia kalenda), hali ilikuwa tayari ndani ya SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Mwenzangu mmoja alitaka kuandika juu ya "Kongo na mashirika ya kanda". Tulikata, tukakata tena, ikabaki: jinsi wafanyabiashara wadogo wa Kasumbalesa wanavyotumia au kuzikwepa kanuni za COMESA, uliberali ukipambana na utegemezi. Hiyo alikwenda kuifanyia kazi kwa basi, akarudi jioni na daftari limejaa na mfuko mmoja wa unga.